Ukimya wa Mlimani Ni wa Nani?

Wako watu wa Eldoret ambao wiki ikiisha hawaendi kijijini kwa wazazi wala hawaketi kanisani Jumapili. Hujaza begi la mgongoni hema, blanketi, unga na majani ya chai, wakapanda matatu ya Kitale kuelekea Mlima Elgon au ya Kapcherop kuelekea Cherangani, na huko huzunguka malisho ya juu kwa siku mbili tatu, kila mmoja peke yake, hadi watokee tena pale walipoingilia. Ukiwauliza wanatafuta nini, jibu huwa la kidini hata kwa asiyesali: wanataka kimya cha kumsikia Mungu, au cha kujisikia wenyewe, mbali na watu. Jibu hilo halifai kusifiwa tu, linastahili kuhojiwa. Je, upweke wa namna hiyo ni ibada, au ni kuwakimbia watu kwa jina la Mungu? Na ule ukimya unaofuatwa kule juu ulitoka wapi? Nitadai kwamba upweke wa mlimani ni jambo jema na la kale, ila aliye peke yake kule ni mgeni, na mgeni ana wajibu kwa wenyeji hata asipowaona. Asiyeukubali wajibu huo anachukua kisicho chake, hata kama anakichukua akiwa amepiga magoti.

Tuanze na mlima wenyewe, maana mawazo mengi kuhusu milima hupotea kwa sababu mwenye kuwaza ameusahau udongo. Ukiingia Elgon kwa lango la Chorlim, karibu na Kitale, unapita kwanza msitu wa mierezi na mipodo, halafu mianzi, halafu vichaka vya erika, kisha miti inakoma na malisho yanafunguka: nyasi za vishungi, vijito vya maji baridi, na ile mimea mirefu ya senesio na lobelia ambayo makao yake ni milima mirefu ya upande huu wa Afrika. Kilele cha Koitoboss, chenye mita 4,222, kimesimama ukingoni mwa kaldera yenye upana wa kilomita zipatazo 8, na ng'ambo, upande wa Uganda, kipo Wagagai chenye mita 4,321. Cherangani si volkano. Ni miamba ya kale iliyoinuliwa ardhi ilipopasuka, na mabonde yake ya nyasi yaliyo juu ya mita 3,000 yanalishwa ng'ombe na kondoo hadi leo. Mchana jua linachoma. Usiku maji yanaganda. Senesio hustahimili kwa kutoyaangusha majani yake makavu, ambayo hubaki yameufunika mwili wake ili maji yaliyo ndani ya shina yasigande. Mwanadamu hana kinga hiyo. Kwenye mita 3,500 kila pumzi ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anaivuta bila kufikiri, na hata mkazi wa Eldoret aliyezoea mita 2,100 atausikia moyo wake ukienda mbio na usingizi ukikatika. Mwenye shaka atasema basi ile hisia ya kumkaribia Mungu ni ubongo uliopungukiwa hewa. Sikubaliani naye. Mfungo nao hubadilisha damu, mkesha hubadilisha akili, na bado hatusemi kwamba sala ya aliyefunga ni njaa tu. Hisia haipimwi kwa mahali ilipoanzia mwilini. Hupimwa kwa inachomfanyia aliyeipata, na kwa watu anaowarudia nayo.

Pingamizi la kwanza la kweli linatoka nyumbani. John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, alieleza mwaka 1969 katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba nafsi ya mtu haijitegemei: anakuwepo kwa kuwa wenzake wapo. Kwa mtazamo huo, anayemtafuta Mungu kwa kuwaacha watu ameshika njia isiyofika. Desturi za huku kwetu zinaliunga mkono pingamizi hili. Wakipsigis na ndugu zao wengine wa Kalenjin walipomwomba Asis, Mungu wao, walipanda mahali pa juu, naam, lakini walipanda familia kwa familia, wazee wakiongoza, moshi wa moto ukielekea mbinguni, na pale palipoitwa kapkoros hapakuwa mahali pa mtu mmoja. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, iliuheshimu Mlima Elgon kama mahali patakatifu, na wafuasi wake nao walikuwa jamii, si wapweke. Hata riadha, ambayo ndiyo imelipeleka jina la eneo letu duniani, inafundisha hivyo hivyo. Alfajiri kwenye barabara za vumbi za Kaptagat na Iten ni nadra kumwona mkimbiaji mmoja. Unaliona kundi, na aliyechoka anavutwa na wenzake. Eliud Kipchoge alipokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, jina lililotangazwa lilikuwa moja, lakini waliopokezana kumkingia upepo na kumwekea kasi walikuwa 41. Mji unaoyajua haya una haki ya kuuliza: upweke umewahi kumjenga nani?

Swali ni zito, ila linathibitisha machache kuliko linavyodhani. Linaonyesha kwamba mtu hutokana na watu. Halionyeshi kwamba asiwe mbali nao hata siku mbili. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira, na wahyi ulipomshukia aliteremka hadi nyumbani kwa Khadija akitetemeka, akataka afunikwe. Yesu aliwaaga makutano akapanda mlimani kusali peke yake, na usiku ule ule akawaendea wanafunzi waliokuwa wakihangaishwa na upepo ziwani. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, akakaa miaka mingi katika faragha, na mwaka 1106 alikuwa akifundisha tena, Nishapur. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeufanya upweke kuwa makao yake ya mwisho. Walipita humo.

Habari ya Eliya ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa yeye alikwenda mlimani kwa sababu mbaya na bado akapokelewa. Alikuwa anamkimbia Yezebeli, ameomba afe, amechoka na watu wake. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, anafika Horebu, analala pangoni, unapita upepo wa kupasua miamba, tetemeko, moto, ndipo sauti ndogo ya utulivu. Wahubiri wengi huishia kwenye ile sauti, wakatuambia kwamba Mungu yuko katika ukimya. Lakini tusome hadi mwisho. Mara mbili Eliya anaulizwa anafanya nini pale, na mara mbili anajibu yale yale, kwamba amebaki peke yake. Sauti haimbembelezi. Inamwamuru arudi kwa njia aliyoijia, inampa kazi tatu za kuwatia watu mafuta, mmojawapo akiwa yule atakayeshika nafasi yake, kisha inamwambia kwamba katika Israeli wamo watu 7,000 wasiomsujudia Baali. Yaani neno la mwisho analoambiwa mtu aliyejiona mpweke kuliko wote ni kwamba hesabu yake ya watu ilikuwa na kosa. Hapo ndipo ninapoupata mzani wa kuupimia upweke wa mlimani: unafaa kwa kadiri unavyomfunulia mtu wale aliokuwa hawahesabu.

Na wapo wengi wa kuhesabiwa, hata kwa yule aliyejibebea kila kitu mgongoni. Njia anayoifuata ilikanyagwa na ng'ombe wa watu, na kabla yao na tembo, wale ambao kwa vizazi wamekuwa wakiingia pango la Kitum kuchimba chumvi kwa pembe zao. Elgon mara nyingi ataandamana na askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS) mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Cherangani atalala karibu na boma la mtu na kunywa maziwa yake. Nyumbani yupo aliyeachiwa siku ya kumtarajia, naye ndiye atakayepiga simu siku hiyo ikipita. Wapo wanaosema kwamba kwenda peke yako ni kuwatwisha wengine hatari yako, kwa kuwa ukivunjika mguu ni wao watakaopanda kukutafuta. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuacha habari zako langoni na kugeuka mapema ukungu ukishuka. Lakini ukweli huo unaniunga mkono. Unaonyesha kwamba aliye peke yake hakutoka mikononi mwa watu. Amewaomba tu wasimame mbali kidogo.

Pingamizi la pili ni la waumini, nami nalijibu kwa ufupi. Mungu yuko kila mahali; kwa nini basi kupanda mlima, wakati mwanamke Msamaria aliambiwa kisimani kwamba saa inakuja ambapo ibada haitakuwa ya mlima ule wala ya Yerusalemu? Sidai kwamba Koitoboss iko karibu na Mungu kuliko stendi ya matatu ya Eldoret. Nadai kwamba sisi tunabadilika tukifika pale. Mjini karibu kila kitu kimewekwa kwa ajili ya kutuelekea: bango, honi, simu, hata mahubiri ya spika. Malisho ya juu hayatuelekei. Ukungu hauulizi kama umeshafunga hema. Kwa mtu aliyezoea kuitwa na kuhitajiwa mchana kutwa, kukaa mahali pasipomjali ni njia ya kujua kwamba ulimwengu haukuumbwa kumzunguka yeye, na sijui dini yoyote kati ya zile tunazozifuata Uasin Gishu inayoweza kuanza bila kujua hilo. Anayelipata jikoni kwake hana haja ya mlima.

Lakini nimekuwa nikisema ukimya kana kwamba ni zao la mlima, kama nyasi na mawe. Hapa ndipo pagumu, na sisi wa Eldoret tungepaswa kupajua mapema kuliko wengine, kwa kuwa nyanda tunazokaa ziliwahi kutangazwa kuwa tupu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kwa mkono wa Joseph Chamberlain, iliwapa Wazayuni pendekezo la makazi ya Wayahudi, na ardhi iliyotazamwa ikawa nyanda za Uasin Gishu. Wajumbe walikuja kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ulilikataa pendekezo. Mwaka 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wote hao walioneshwa nchi wazi, nyasi hadi upeo wa macho, bila vijiji. Uwazi ule ulikuwa na historia. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamesambaratishwa na vita vya karne ya 19, na Wanandi, waliokuwa wakilisha mifugo yao huko, walikuwa wakipigwa na majeshi ya Waingereza katika miaka ile ile. Ardhini yalikuwepo, na bado yapo, mashimo ya Sirikwa, mabaki ya maboma ya wafugaji wa zamani zaidi. Mgeni aliyetazama alifurahia nafasi. Hakuwa mwongo, aliona alichokiona. Ila utupu ule uliacha kuwa mandhari tu pale ulipotumiwa kama hoja ya kuwanyima watu ardhi yao.

Jambo hilo limerudiwa juu ya msitu, katika maisha yetu. Chepkitale, malisho ya juu ya Elgon, ni nchi ya Waogiek, ambao mashamba ya walowezi yalikuwa yamekwisha kuwafungia ardhi za chini. Mwaka 2000 serikali iliitangaza Chepkitale kuwa hifadhi ya wanyama, na watu wakafukuzwa. Walirudi, wakafukuzwa tena, wakarudi, hadi Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilipoamua kwamba ardhi ile ni ya jamii yao. Huko Embobut, katika Cherangani, serikali ilitoa shilingi 400,000 kwa kila familia iliyoorodheshwa mwishoni mwa 2013, na Januari 2014 nyumba za Wasengwer, wenyeji wa msitu huo, zikachomwa moto ilhali wengi wao walikuwa wakisema hawakuridhia kuhama. Mwaka 2018, baada ya mtu wao kuuawa kwa risasi, Umoja wa Ulaya ulisimamisha fedha zake za mradi wa chemchemi za maji wa eneo hilo. Kwa anayewaza kidini, hukumu yenye uzito kuliko zote ni ile ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ya tarehe 26 Mei 2017, katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau. Miongoni mwa haki ambazo mahakama iliona zimevunjwa ni uhuru wa dini: kumwondoa mtu msituni kulimwondoa pia mahali pa ibada yake. Basi linganisha. Mmoja anakwenda Cherangani Ijumaa jioni kutafuta kimya cha kusali. Mwingine amezuiwa kusali pale pale, na kukosekana kwake ni sehemu ya kile kimya.

Nitajibiwa kwamba bila hatua kali msitu ungekwisha, na msitu ukiisha hata mji hauishi. Ni hoja ya watu wenye nia njema, na ina ukweli ndani yake. Elgon na Cherangani ni miongoni mwa minara mitano mikuu ya maji ya Kenya. Maji ya mabomba ya Eldoret yenyewe hutegemea bwawa la Chebara, linalojazwa na mto Moiben utokao Cherangani. Na Embobut iliharibiwa kweli, kwa mashamba na kwa ukataji miti, na si Wasengwer pekee waliokuwa wamekaa humo. Lakini hoja hiyo inaunganisha vitu viwili visivyolazimika kwenda pamoja, uzima wa msitu na kuondoka kwa wenyewe. Mahakama ya Arusha iliambiwa na serikali ya Kenya kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau, na haikuona ushahidi wa hilo. Chepkitale, jamii yenyewe ina kanuni zinazokataza kuchoma makaa, nao huwakamata wanaozivunja. Malisho yale tunayoyaita ya asili yamekuwa wazi kwa mkono wa watu pia, maana kwato za ng'ombe na moto wa wafugaji vimesaidia kuzuia vichaka kwa karne nyingi. Anayesema mlima ni mzuri kwa sababu watu hawaugusi anautazama mkono wao bila kuujua.

Je, basi tusiende? Wapo watakaolifikia hitimisho hilo, na ninaiheshimu dhamiri yao, lakini naona limekosea upande mwingine. Kutokwenda hakumrudishii mtu boma lake. Kunawaachia mlima wale wenye bunduki na ramani, na kumfanya mkazi wa mjini azidi kutowajua watu wanaokaa juu ya chemchemi anayokunywa. Njia iliyobaki ni ya mgeni. Waswahili walikwisha kuiwekea masharti: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sharti hilo halimfukuzi mgeni, linamweka mahali pake, kwa kuwa ukarimu usio na ukomo humfanya aliyepokewa ajione mwenye nyumba. Kwa anayezunguka malisho ya juu peke yake, jembe lina sura za kawaida kabisa. Amlipe mwenyeji wa njia, si lango la serikali peke yake. Aombe ruhusa kwa wazee pale ambapo jamii ina wazee wake, na akiambiwa kwamba bonde fulani haliingiwi, asiingie, hata kama ramani ya simu inaonyesha njia. Ajifunze majina ya mahali alipolala kutoka kwa wanaoyatumia. Na akisharudi mjini, habari ya Embobut ikisomwa redioni asiipitishe kama habari ya watu wa mbali, kwa kuwa alilala kwao.

Najua lipo lalamiko la mwisho, nalo hutoka kwa watu ninaowaelewa vizuri: kwamba nimeingiza siasa mahali pekee ambapo mtu aliyechoka angeweza kupumzika mbali nayo. Mwuguzi aliyetoka zamu ya usiku katika hospitali ya rufaa, mwalimu aliyepoteza mtoto, wanahitaji siku mbili bila sauti ya mtu, na mimi ninawapa kesi ya mahakamani. Simnyimi aliyefiwa ukimya wake. Ninachosema ni kwamba ukimya wa kumlilia marehemu haulazimu mlima uwe umefagiliwa watu. Ukipanda Cherangani leo utasikia kengele za ng'ombe na mtoto akiwaita wenzake ng'ambo ya bonde, na huzuni inaweza kukaa pamoja na sauti hizo. Huenda ikakaa vizuri zaidi. Hukumu ya Bungoma ikitekelezwa kikamilifu, na Wasengwer nao wakipata yao, malisho ya juu yatakuwa na nyumba zaidi, moshi wa jioni, mbwa wanaobweka, vijana wanaocheza redio. Mtembezi ataupata ukimya mdogo kuliko wa sasa. Nasema utamtosha kwa sala, kama ni sala aliyoiendea, na atakayeona kwamba hapo mlima umeharibika itambidi aeleze alikuwa akimwendea nani.